Zohali Barazani kwa Bibi

Harufu ya ganda la balungi bado inanirudisha Temeke. Nikichomeka kidole gumba kwenye ganda lile nene na maji yake machungu yakanirukia machoni, sioni tena jiko langu. Naona uwanja wa shule yetu wenye mchanga mweupe, mikorosho pembeni, na mwalimu mwembamba mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Ameinua balungi juu kwa mkono mmoja, anasema, "Hii ndiyo Mshtarii. Baba lao!"

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili. Temeke haikuwa mji kama unavyoiona leo. Ilikuwa nyumba za udongo na makuti, minazi, na vijia vya mchanga uliochoma nyayo mchana. Nililelewa na Bibi, mama yake mama yangu. Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na mama mdogo Tatu, binti yake wa mwisho, aliyekuwa ameshafika umri wa kuolewa na aliyecheka kwa sauti mpaka majirani wakamjua kwa kicheko.

Mwalimu Idi alikuwa mtu wa Kondoa. Alikuwa Mwislamu kama sisi, lakini kwa watu wa mtaani kwetu mtu wa Kondoa alikuwa ametoka mbali karibu sawa na aliyetoka mwezini. Hakuwa na ndugu hata mmoja Dar es Salaam. Alipanga chumba karibu na msikiti, akafua nguo zake mwenyewe, na sisi watoto tuliigiza lafudhi yake mpaka tukachapwa na mwalimu mkuu. Yeye hakutuchapa. Alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Usipoelewa alichosema, alidhani kosa ni lake, akatafuta njia nyingine ya kukueleza. Mkumbuke hivyo, kwa sababu tabia hiyo nzuri ndiyo iliyokuja kumponza.

Siku ya sayari alikuja na kikapu. Mshtarii ikawa balungi. Dunia yetu, kwa kipimo hichohicho, ikawa kunazi, na darasa zima likanung'unika kwa kudharauliwa. Zuhura ikawa kunazi jingine, maana inakaribia kulingana na dunia kwa ukubwa. Mirihi ikawa punje ya mbaazi, na alituambia kwamba wekundu wake ni wa vumbi lenye kutu. Utaridi, iliyo karibu kabisa na jua na inayolizunguka mbio kuliko zote, ikawa punje ya pilipili manga. Nami nikapewa nazi iliyofuliwa. Hiyo ilikuwa Zohali.

"Jua mtalipata wapi?" akauliza. "Jua ni mviringo unaozidi mlango ule kwa upana. Basi mimi nitakuwa jua. Haya, kila sayari ishike njia yake."

Tukaanza kutembea. Pilipili manga ilisimama upande wa pili wa uwanja. Kunazi mbili na mbaazi zikasimama mbali zaidi, kwenye mikorosho. Balungi likavuka barabara. Mimi kila nilipogeuka, Mwalimu Idi alinipungia mkono niendelee. Nikaendelea. Nilipita kisima, nikapita duka la Mwarabu, mpaka sauti yake ikapotea kabisa. Mzee mmoja akanisimamisha.

"We mtoto, nazi ya nani hiyo saa za shule?"

"Siyo nazi, babu. Ni Zohali."

"Zohali! Nani kakuroga wewe?"

Nikaona ni heri niende nyumbani kuliko kueleza. Mama mdogo Tatu alikuwa uani, jungu la mchicha liko jikoni na tui hakuna. Aliniona na nazi mkononi, akaipokea, akaipasua, akakalia mbuzi na kuanza kukuna. Nikachuchumaa kando nikiitazama Zohali ikiisha. Jasho la Mwalimu Idi lilikuwa bado halijakauka alipofika mlangoni akinitafuta, na watoto kumi nyuma yake.

"Hodi! Namtafuta Hadija. Ameondoka na Zohali yangu."

Tatu akatazama chicha, akamtazama yeye, akafunika mdomo kwa upande wa khanga. "Samahani mwalimu," akasema, "sayari yako imeshaingia kwenye mchuzi."

Kicheko alichokitoa mwanamume yule sikuwahi kukisikia darasani. Ndivyo walivyojuana.

Sitakuchosha na yaliyofuata. Watu wa heshima wa wakati ule walipendana kwa kusalimiana njiani na kwa kunituma mimi nikaulize habari zisizohitaji kuulizwa. Tatu alianza kunitaka nimweleze kila tulichofundishwa. Jioni, nyota ile kubwa inayong'aa magharibi ilipotokeza, alikuwa akiniambia, "Ile siyo nyota, ni Zuhura. Imefunikwa mawingu kote, hakuna aliyewahi kuona sura yake." Alisema kama mtu anayezungumzia jirani. Siku hizi tunajua kuwa chini ya mawingu yale pana joto la kuyeyusha risasi, na kwamba siku moja ya huko ni ndefu kuliko mwaka wake. Wakati ule hata wataalamu hawakujua. Tatu aliridhika na mawingu.

Baadaye Mwalimu Idi akaposa. Alimtuma mwalimu mwenzake, kijana kama yeye, aliyekuja na baiskeli na kusema maneno yake akiwa ameshika usukani. Bibi alimsikiliza, akamkaribisha maji, akamwambia atapata jibu. Alipoondoka, Bibi alitikisa kichwa. "Wametumana watoto," akasema, bila hasira.

Pwani kwetu, kabla ya ndoa, majina ya wawili yalipelekwa kwa mtu wa falaki. Yeye huhesabu herufi za jina la mtu na la mama yake, akapata nyota ya kila mmoja na sayari inayoitawala, kisha akasema kama wanapatana. Kwetu alikuwa Maalim Kombo, mzee mwenye jicho moja na utani mwingi. Jibu lilirudi siku ileile: Tatu ametokea kwenye Zohali, Idi kwenye Mirihi. Zote mbili ni nahasi, sayari za mkosi. Nyota haziwafikiani.

Kijana wa baiskeli alipelekewa jibu hilo, naye akalifikisha. Tatu alilia siku nzima, lakini, na hili lilinishangaza, hakulia kama mtu aliyefiwa. Alilia kama mtu anayesubiri. Kila mlango ulipogongwa aliinua kichwa.

Aliyegonga, wiki iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, alikuwa Mwalimu Idi mwenyewe. Alikuwa peke yake, na kikapu chake mkononi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umekuja na nani?"

"Nimekuja mwenyewe, Bibi. Nimekuja kueleza."

Bibi akasogea kwenye baraza, akampa nafasi. Tatu alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Najua, kwa sababu nilikuwa naye, na kucha zake zilikuwa begani mwangu.

Msomaji wangu, nimefundisha darasani maisha yangu yote, na sijapata kusikia somo zuri kama lile. Alilitoa balungi, kunazi, mbaazi. Alimwomba Bibi ungo mkuukuu uliotoboka katikati, akaichomeka nazi kwenye lile tundu, akauinua. "Hii ndiyo Zohali, Bibi. Ina pete kama hizi, zimeizunguka pande zote bila kuigusa." Akaomba beseni la maji, akaitia nazi, nayo ikaelea. "Kwa ukubwa wake wote, ni nyepesi kuliko maji. Kama ingekuwako bahari ya kuitosha, ingeelea hivi. Na inakwenda polepole. Mtoto anayezaliwa leo, Zohali ikimaliza kulizunguka jua mara moja, atakuwa mtu mzima wa karibu miaka thelathini. Sasa, kitu cha mbali namna hiyo, kizito cha kutembea namna hiyo, kitamjuaje Tatu?"

Bibi alikuwa ameinama juu ya beseni. Aliigusa nazi kwa kidole, ikazama kidogo, ikarudi juu. Alikuwa amefurahi kwelikweli.

"Subhanallah. Na hiyo Zohali, iko peke yake huko?"

"Hapana, Bibi. Ina miezi yake, kadhaa, inaandamana nayo."

"Ahaa." Bibi alimtazama usoni. "Na kwenu Kondoa, mwanangu, kijana akitaka mke, anafuatana na nani?"

"Ah, hayo ni mambo ya zamani, Bibi. Baba yangu ameshafariki, na baba mdogo ana ng'ombe wa kuchunga, hawezi safari hii. Mie ni mtu wa shule. Nimekuja kwa akili yangu."

"Hapa mtaani je? Huna mtu?"

"Nina Mungu, Bibi. Na Mirihi, kama nilivyosema, wekundu wake ni vumbi tu..."

Kucha za Tatu zikaniingia begani. Nilidhani amefurahishwa na Mirihi, kama mimi.

Alieleza mpaka kivuli cha nyumba kikafika barabarani. Mwisho Bibi alisema, "Nimekuelewa, mwanangu. Umenielimisha. Lakini Zohali ya mwanangu ni ileile." Uso wa Mwalimu Idi ukasawajika. Alifikiri hakueleza vizuri. Akaanza upya, kwa maneno mepesi zaidi, na Bibi akamsikiliza tena, kwa heshima ileile, na kujibu jibu lilelile. Basi akakusanya matunda yake, akaacha nazi ikielea, akaaga.

Mwisho wa muhula aliomba uhamisho. Tulimsindikiza watoto wote mpaka barabara kubwa. Aliniambia nisome sana, akanipa balungi.

Tatu aliolewa baada ya miaka miwili, na mtu wa Mtoni, fundi seremala mkimya. Nilikuwapo jibu la Maalim Kombo lilipotoka: nyota haziwafikiani, tena vibaya kuliko mara ya kwanza. Nikasubiri kilio. Badala yake, Ijumaa iliyofuata walikuja wazee wanne na kofia zao nyeupe, wakakaa barazani, wakanywa kahawa, wakasifu nyumba.

"Bibi, mtoto wetu amekosea njia, lakini ametutuma sie wazee wake."

"Mmechelewa," Bibi akasema, akijifanya kununa. "Zohali ameshakaa kitako."

"Basi tumwombe ahame!"

Wote wakacheka, na Maalim Kombo, ambaye Bibi alikuwa amemwita, akacheka kuliko wote. Akahesabu upya, akasema Tatu apewe jina la pili, Salma, kwa ajili ya ndoa, na itolewe sadaka ya mkate na maziwa kwa watoto wa chuo cha Kurani. Yote yalikwisha kabla hata ya kuadhiniwa magharibi. Zohali, iliyochukua karibu miaka thelathini kwa mwalimu wangu, ilihamishwa na wazee wanne kabla kahawa haijapoa.

Nilikasirika sana siku ile, kitoto. Niliona falaki ni uongo na Mwalimu Idi alikuwa na haki. Alikuwa na haki, kweli. Kila alichosema kuhusu Zohali ni sahihi mpaka leo, na nimekirudia mbele ya watoto wengi. Ila hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za Zohali. Bibi alikuwa akimwuliza kama ana watu: siku binti yake akipigwa, au akiugua, au akikimbiwa, aende kwa nani alalamike? Jibu la nyota lilikuwa njia ya adabu ya kusema, rudi na watu wako. Mtaa mzima ulilijua hilo. Kila mmoja alidhani mwingine amemwambia.

Tatu aliniambia mengine akiwa mzee, mumewe ameshafariki, tumeketi kwake Mtoni tukichambua mchele. "Si lazima wangekuwa damu yake," alisema. "Hata imamu wa msikiti ule aliopanga jirani yake angetosha. Bibi yako alishazungumza na wazee wawili pale mtaani wakae tayari, wakiitwa tu waende."

"Kwa nini wewe hukumwambia?"

"Mie? Mwari amfundishe mposaji jinsi ya kumposa?" Alicheka, kicheko kilekile, ila kifupi. "Nilijua ana akili. Nikasema mtu mwenye akili hivi hawezi kukosa kujua."

Halafu akaniuliza kama naukumbuka mkeka. Niliukumbuka. Baada ya Mwalimu Idi kuondoka na kikapu chake, na kabla hajahama, Bibi alikuwa akitandika mkeka mpya barazani kila Ijumaa baada ya sala, ule wa rangi uliotandikiwa wageni tu. Aliweka birika la kahawa juu ya makaa, akapanga vikombe, kisha akakaa kando yake akitazama njia ya msikitini mpaka jua likapungua. Nami nilikuwa nikija kujilaza pale juu, nikimshukuru moyoni kwa kunitandikia mahali pa kupunga upepo. Hakunifukuza hata mara moja.