Upande wa Ndani wa Landrova

Jua la asubuhi ndiyo kwanza linagusa mabati ya gereji ndogo ya Ng'ambo, mjini Tabora. Sikuzani Abasi anabandika sumaku kwenye ubavu uliobonyea wa Landrova kuukuu. Sumaku inaanguka mchangani.

"Alumini," anamwambia mwandishi wa habari hii, akiiokota. "Hii ilikuwa kazi ya mume wangu."

Kwa miaka mingi wao wawili walinyoosha bodi za magari: yeye chuma, marehemu Sadiki alumini. Kwenye ubavu mpana, mmoja hukaa ndani ya gari akikinga kwa kipande kizito cha chuma, mwenzake hupiga nyundo nje. Hawaonani, kwa hiyo huongea kwa kugonga. Wa nje akigonga mara mbili, anauliza: upo? Wa ndani hujibu vivyo hivyo, kazi inaendelea.

Tangu atoke eda, Sikuzani anafanya kazi peke yake. Chuma anakimudu. Alumini imemtoa jasho.

"Chuma kina adabu," anasema. "Ukikipasha moto kinaiva chekundu, unajua kimelainika. Alumini haikuonyeshi kitu. Unaikodolea macho, mara puu, imeyeyuka!"

Ndivyo alivyotoboa madigadi ya mteja mwezi uliopita. "Nililia, ndugu yangu. Nimezunguka nyumba nzima, hakuna wa kumuuliza."

Binti yake anataka ahamie kwake Morogoro. Sikuzani amemjibu kwamba ubavu huu ukimshinda, gereji anaifunga.

Mwenye gari anaingia. Ni Mzee Kashindye, mfuga nyuki wa Ipole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Si ubandike bati la chuma tu, yaishe? Chuma kigumu bwana."

"Kigumu, lakini kizito, na tope la kwenu unalijua. Halafu chuma kikigusana na alumini, maji yakiingia katikati, alumini inaliwa. Utarudi hapa kunilaani."

Mzee anacheka. "Haya, fanya unavyojua."

Sikuzani anapaka sabuni ya mche kwenye mbonyeo, anapitisha moto taratibu. Sadiki alifanya hivi miaka yote, na mkewe alidhani anaondoa grisi. Ameielewa maana yake juzi tu, kwa kuunguza vipande chakavu.

"Jamani, sikuwahi hata kumuuliza!"

Sabuni inageuka kahawia: ndiyo ishara kwamba alumini imelainika. Anaondoa moto haraka. Bati limebaki zima.

Sasa nani akae ndani? Mzee Kashindye anavua kofia, anajipenyeza, anashika kile chuma kizito cha kukingia. Sikuzani anapiga nyundo polepole, mbonyeo unaanza kurudi. Kisha, kwa mazoea, anagonga mara mbili.

Mzee anaendelea kukinga tu, hajui kwamba ameulizwa.

"Samahani, mzee," anasema, akifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Sadiki alikuwa ananijibu."

Anamgeukia mwandishi. "Natamani nipate mtu wa kukaa humo ndani. Nimfundishe chuma na alumini. Sitaki kufunga."

Ndani ya gari kunasikika: ngo, ngo.

"Nipo, fundi," anasema Mzee Kashindye. "Piga."