Mpaka Kwenye Kiwiko

Nilipoolewa Navakholo nilikuwa na kichaa cha furaha. Kila kitu kilinichekesha: kuku wa mama mkwe walioingia jikoni bila hodi, watu kuniita mke wa fulani, hata matope. Ndiyo maana siku moja, nikiwa nimetumwa sukari mjini Kakamega, nilipoona mche wa mtini kwenye kitalu kando ya barabara niliununua papo hapo, na sukari nikaisahau.

Nilirudi kwa bodaboda nikiwa nimeupakata kama mtoto. Barabara yetu ya murram haina huruma na mizigo. Tulipofika nyumbani mfuko wa plastiki ulikuwa umepasuka, udongo wote uko kwenye sketi yangu, na mizizi inaning'inia.

"Ni nini hii?" mama mkwe akauliza.

"Mtini, mama."

"Mtini ya Biblia?" Akashika jani moja, akaligeuza, akalipima kwa macho. "Kumbe Adamu alikuwa mtu mdogo."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Lakini nilipochukua jembe, uso wake ulibadilika.

"Weka hiyo chini. Mwanamke hapandangi mti."

Mwiko huo niliusikia tangu utotoni. Mwanamke apande mahindi, maharagwe na viazi mpaka mgongo ukatike, hakuna atakayesema neno. Mti hupandwa na mwenye boma. Mwanamke akiupanda, anamchimbia mumewe kaburi. Sikudhani siku moja mwiko wenyewe ungesimama mbele yangu hivyo. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikampigia simu mume wangu, anayefanya kazi Kitale na kuja nyumbani mwisho wa mwezi.

"Si mpande tu," akasema.

Mama mkwe akaninyang'anya simu. "Nyamaza wewe! Ni wewe utakufa."

Wanaume wa jirani wote walikuwa wamekwenda matangani Mukumu, na mizizi ilikuwa inakauka tukiitazama. Mama mkwe akaketi kwenye kigoda, mkono kidevuni. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia.

"Mwanangu," akasema, "mimi wangu si alishakufa? Atakufa mara ngapi?"

Sikujua kama ni adabu kucheka. Marehemu baba mkwe nilimjua kwa picha tu, ile ya sebuleni, amevaa tai na amekunja uso. Lakini mama alikuwa tayari anacheka kwa sauti, machozi yanamtoka, basi na mimi nikaachilia. Akajifunga leso vizuri, akachukua jembe.

"Nimezaa, nimelima hii shamba yote, hii jiko nilikandika na mikono yangu," alisema huku akichimba. "Mti sijawahi. Hata mpera. Nilikuwa nataka, lakini nilikuwa naogopeanga kumuua yule mzee."

Alikuwa ameshapita miaka sabini. Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nilitaka kurukaruka.

Tulikuja kugombana juu ya kina. Simu yangu ilisema mtini uingie vidole vinne tu kupita ulivyokuwa kwenye mfuko. Yeye alikuwa amemwona baba yake akipanda mkumu, ule mkuyu wetu mkubwa, ambao hukatwa tawi likadidimizwa ardhini, shimo likipimwa kwa mkono.

"Mpaka kwenye kiwiko," akasema.

"Huu si mkumu, mama."

"Ni ndugu yake."

Akalala kifudifudi, akatia mkono shimoni, akachimba tena, akatia mkono. Sasa, tawi la mkumu ni refu kuliko mtu. Mche wetu ulinifika gotini. Tulipomaliza kufukia, juu ya udongo yalibaki majani mawili. Nilikaa kwenye matope nikacheka mpaka mbavu zikauma.

"Watu wakiuliza," akaniambia, "ni bwana yako alipanda."

Jumapili kanisani nikapokea pongezi kwa niaba ya mwanamume aliyepanda mti Navakholo akiwa Kitale.

Kisha yale majani mawili yakaanguka. Mama mkwe akaacha utani. Kila asubuhi alisimama pale na kikombe chake cha chai mpaka chai ikapoa. Siku moja akasema polepole, "Mti umekataa mkono yangu." Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilitamani kumzaba kofi aliyeutunga mwiko ule, lakini hayupo. Nikamwambia tungoje, ingawa mwenyewe nilikuwa nimekata tamaa.

Mvua ikazidi. Asubuhi moja nikasikia yowe, nikatoka mbio na panga nikidhani ni nyoka. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti. Machipukizi yalikuwa yametoboa udongo, mekundu kidogo, yamekaza shingo. Tulicheza isukuti bila ngoma, na kuku wakatukimbia.

Leo mtini umepita paa la jiko. Juzi akina mama wa jumuiya walikuja kusali kwetu, tukawatengea sahani ya tini. Mmoja akamgeukia mume wangu, akamsifu kwa mti mzuri aliotupandia. Mume wangu akajiweka sawa kitini, akafungua mdomo apokee sifa zake kama kawaida.

"Huyo?" mama mkwe akasema. "Huyo hajui hata shimo iliingia mpaka wapi."

Mzee wa tai alikuwa anatutazama kutoka ukutani. Mama mkwe akaweka tini yake kwenye sahani, akakunja mkono wa gauni taratibu, akanyoosha mkono ili wote waone.

"Iliingia mpaka hapa," akasema, na kidole kikagusa kiwiko.