Aksanti ya Jeneza

Kwetu Bulengera, honorable wetu tulimujua kwa majeneza. Musizani natukana. Yule mutu tulimupigia kura aende Kinshasa atuombee usalama, barabara, na maaskari kule batu banalima. Akaenda. Kila mara batu bakichinjwa mu mashamba upande wa Beni, yeye mwenyewe hakuji. Anatuma jeneza ya kung'aa kwa vernis, na monsieur wa bureau yake anakuja na telefone. Familia inasimama karibu ya jeneza, inasema aksanti honorable, video inazunguka mu WhatsApp. Ndiyo kazi tuliyomutumia.

Mu mukutano wetu ya raia, mu salle ya parokia, nilisimama nikasema: sisi tulimuomba batu babaki bazima, yeye anatupa mbao! Kutoka leo hakuna mutu atapokea jeneza yake mpaka akuje mwenyewe kutueleza mbele ya wote ni nini anafanyaka kule. Bamama bakapiga makofi. Nilitoka pale najisikia mukubwa kabisa.

Kabla ya wiki kuisha, mudogo wangu akanipigia simu toka Beni. Bwana yake, bauaji balimukuta mu shamba ya kakao, anavuna. Bakamuua pale pale. Mudogo wangu hakulia, aliniita tu kama mukubwa yake: «Yaya, kuja.» Nikapanda pikipiki, nikateremuka ile barabara ya mashimo mpaka joto ya Beni ikanipiga mu uso.

Nilimukuta kwake, amekaa chini na bamama ba jirani. Maiti ilikuwa bado ku morgue ya hospitali, hakukuwa kitu ya kumuzikia. Na mbele ya mulango, mama wee! Jeneza ya honorable ilikuwa imeshafika juu ya kamyoneti, yule monsieur wa bureau, na kravati ku shingo, anapangusa jasho. Majirani wote bakaniangalia. Habari ya mukutano ilikuwa imenitangulia.

Nilimwinamia mudogo wangu, nikamwambia ku sikio: «Pokea, mama. Maneno ya mukutano ni ya mukutano. Shemeji azikwe kama mutu.» Nilisema ile kwa roho yangu yote, na leo ningesema tena. Akaitika na kichwa. Jeneza ikashushwa.

Mais yule monsieur akatoa telefone.

«Mama, simama hapa. Sema: aksanti honorable. Kisha useme na kwa Kinande, wasingya, bazee ba ku kijiji basikie.»

Mudogo wangu akasimama. Akaangalia jeneza.

«Aksanti ya nini?»

«Ya zawadi, mama.»

«Bwana yangu alikuwa anaomba maaskari ku njia ya shamba. Mulimuletea?»

Monsieur akaanza kukasirika. «Mama, mutu asiyeshukuru kidogo, kingi atashukuru namna gani?»

«Na kingi itakuwa nini?» mudogo wangu akauliza. «Niko na batoto batatu. Atanitumia ingine tatu?»

Monsieur akarudisha telefone mu mufuko. Bakarudisha jeneza juu ya kamyoneti, ikaenda.

Donc tulibaki na maiti na mikono mitupu. Seremala wa jirani akauliza atapata mbao wapi siku ile ile, maduka imefungwa juu ya woga. Mudogo wangu akaingia mu nyumba, akaonyesha na kidole: «Vunjeni kitanda.» Kitanda ya libuyu, mbao nguvu, shemeji aliichonga mwenyewe kabla ya ndoa. Seremala alipima mara mbili, macho yanamwaga machozi. Mbao ikatosha. Tulimuzika kabla ya jua kushuka.

Honorable hajakuja kutueleza kitu mpaka leo. Picha yake ya kuomba kura iko tena ku kuta za Bulengera, anacheka, baliandika chini: «Mutoto wenu». Mu mukutano banamusifu mudogo wangu, banasema alishinda. Alishinda nini, batu ba Mungu?

Juzi nilimutembelea. Yeye na batoto banalala chini, ku mukeka. Nikamwambia nitamutafutia seremala amuchongee kitanda ingine.

«Acha, yaya,» akasema. «Kitanda iko na mwenyewe.»