Mwaga Maji Hapa

Nimehama nyumba mara nyingi kuliko nilivyobadilisha viatu. Nikiwa mtaa wa Laini Saba nilipanda mti nyuma ya chumba changu, nikahama kabla haujanifika magotini. Bado hurudi kutembea huko, nikitafuta mahali ulipokuwa. Siku hizi pana kibanda cha kuchomelea vyuma.

Labda ndiyo sababu nilipofika mtaa wa Gatina nilijiunga na wapangaji wenzangu waliokuwa wakipanda miti Jumamosi asubuhi kwa majembe ya kuazima. Mwenye ploti tuliyopanga, mzee aliyezaliwa hapo Gatina ikiwa bado mashamba ya mahindi, alitupa ukanda wa ardhi kando ya ukuta wake. Sharti lake lilikuwa fupi: mvua zikiisha miti iwe hai. Ikikauka, anajenga vibanda.

Tulipanda miparachichi minane. Kwa kuwa mimi ni fundi wa rangi, kazi ya kibao ikaniangukia. Niliandika kwa herufi nyekundu, kubwa: MWAGA MAJI HAPA. Nilitaka kila anayetoka bombani aikumbuke miche siku mvua isiponyesha. Nilikipenda kibao kile, nikapita mbele yake mara kadhaa bila sababu.

Wiki ya tatu majani yakaanza kukauka kingoni. Tukalaumu jua, tukalaumu mchwa, mwenzetu mmoja akailaumu miche yenyewe. Lakini kila nilipogusa udongo ulikuwa umelowa. Mti gani hukauka ukiwa umesimama kwenye matope?

Asubuhi moja sikuwa na kazi, nikakaa kwenye ngazi. Mama wa chumba cha chini, anayefulia watu nguo, akatoka na karai limejaa, akalibeba kwa uangalifu hadi kwenye mche, akamwaga. Povu likatanda shinani. Harufu ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ikanifikia pale juu.

Nikashuka mbio. "Mama, hayo ni maji ya nini?"

"Ya mashuka."

"Na unaupatia mti?"

Akaweka karai chini, akanitazama kama mtu anayemwonea mwingine huruma. "Fundi, si ni wewe uliandika tumwage maji hapa? Maji safi nani humwaga?"

Kina mama waliokuwa wakianika nguo wakacheka hadi mmoja akashikilia kamba. Walikuwa wakinishukuru kimoyomoyo wiki zote hizo, wakaniambia, kwa sababu kabla ya kibao changu hawakuwa na pa kumwaga, na mtaro uko mbali.

Shuleni nilifundishwa tofauti ya kumwaga na kumwagilia, na nilipita mtihani. Mjini nimezoea kukata maneno. Nilikuwa nimekata silabi mbili, na ploti nzima ilikuwa imenitii.

Siku hiyo nilikuwa nimeahidiwa chumba kwenye maghorofa ya upande wa Nyayo Highrise, karibu na kazi mpya. Zamani ningefunga godoro jioni hiyo hiyo. Badala yake nilikwangua maandishi ya kibao, nikaenda kuomba jembe. Tuliondoa udongo wa sabuni kuzunguka mashina, tukajaza mwingine. Wale kina mama hawakuacha kunitania, ila walitaka kujua maji yao yataenda wapi sasa, na walikuwa na haki. Tukachimba mfereji kutoka bombani hadi mtaroni, siku mbili za kupasua mawe. Mama wa chumba cha chini ndiye aliyepanga zamu za maji safi, ndoo moja kwa kila mti, na ole wako ukiikwepa zamu yako.

Mitano haikupona. Tuliing'oa. Mitatu ilikaa uchi hadi nikakata tamaa, kisha ikatoa majani madogo mekundu.

Mvua zilipoisha mzee alikuja, mikono mgongoni, akatembea ukuta mzima na kurudi.

"Mlisema minane."

Mimi ndiye niliyestahili kujibu, lakini mama wa chumba cha chini akanitangulia.

"Mzee," mama akasema, "mitano tuliifua."

Alipoelezwa hakucheka, ingawa mdomo ulimtetemeka kidogo. Akasema palipo na miti mitatu ni petu, na kwingine atajenga vibanda kama alivyosema. Hakuna aliyebishana naye. Akaondoka akivuka mfereji wetu kwa hatua ndefu.

Chumba cha Highrise kilipata mtu mwingine. Mparachichi wa kwanza, ule wa karibu na lango, sasa unanifika kiunoni, na kesho ndoo ni zamu yangu.