Stakabadhi ya Pamba

Ada yangu ya kidato cha kwanza ilikuwa na pembe na mkia. Baba alikopa mtamba kwa mzee jirani yetu, akamswaga hadi mnadani, akamuuza, na mimi nikaenda sekondari Shinyanga mjini. Makubaliano yalikuwa pamba ikilipwa, mtamba arudi. Pamba tukauza. Ushirika ukatupa stakabadhi, na hela ikawa ya kesho hadi leo.

Likizo ya Desemba mzee akatuma neno: kama mtamba hayupo, atachukua dume letu la plau. Bila dume hakuna kulima, na bila kulima mimi na shule tunaagana. Kesho yake asubuhi tukaenda kumwomba aendelee kungoja. Kwetu aliyekopewa lazima aonekane, kwa hiyo nikaogeshwa, nikavalishwa sare na kuketishwa kwenye kigoda mbele ya mwenye mali, kama ng'ombe wa mnadani.

"Mwangaluka, babu," nikamwamkia.

Aliitikia, akanitazama kuanzia miguuni, akamwambia baba kwamba ng'ombe wake hajanenepa. Baba akaeleza habari za mvua na ushirika. Mzee naye akaeleza yake: wanawe wawili wako Geita mashimoni wanatafuta dhahabu, na hata sabuni hawatumi. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kujua atangoja mpaka lini.

Baba akatoa stakabadhi ndani ya kofia. Wote wawili walipita kisomo cha watu wazima, wakatoka wanajua kuandika majina yao, basi. Karatasi ikaja kwangu.

"Nisomee, msomi," mzee akasema. "Wameandika watalipa lini?"

Waliandika kilo, daraja la pamba na sahihi ya karani iliyofanana na mnyoo. Siku ya malipo haikuwepo. Mimi niliwahi kumsomea bibi barua ya shangazi nikachomekea salamu kutoka kwa mbuzi, akaziitikia zote, nikacheka wiki nzima. Safari hii kicheko hakikuja. Hata hofu haikuja. Kifuani palikuwa kama darasa siku ya Jumapili.

"Mwezi wa tatu," nikasema. "Tarehe kumi."

Mzee akahesabu kwa vidole, akasema haya, atangoja. Dume libaki. Tukaletewa maziwa ya mgando, nikanywa bila kujua kama yamechacha.

Njiani baba alitembea haraka kama kijana. Hela ya mwezi wa tatu akaanza kuigawa: mtamba kwanza, halafu mabati mawili, halafu kanga ya mama. Mimi nilikuwa naitika tu, ndiyo baba, ndiyo baba. Tulipofika mtoni akasimama, akavua kofia, akanipa ile karatasi.

"Hebu soma tena pale pa tarehe."

Nikaikunjua. Nikamsomea tena: mwezi wa tatu, tarehe kumi.