Chuo Ambacho Hatukwenda Kukiona

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mwanangu, nilipokuwa na miaka kumi na minane na makalio yangu hayakubali kiti. Naanza na Jumamosi hiyo kwa sababu nakuona wewe. Tangu juzi unazunguka jikoni kwangu hapa Germantown, nje ya Washington, simu mkononi, vyuo viwili vimekukubali na tarehe ya kujibu imekaribia. Nikikuuliza umefikia wapi, unasema, "Shangazi, nime-decide." Chai haijapoa, unasema, "Shangazi, nime-undecide." Sikucheki. Kaa kama waweza. Kama huwezi, zunguka, ila sikio uliache hapa mezani.

Wakati ule nilikuwa na miaka minne tu katika nchi hii. Babu yako alitangulia kuja kutoka Tanga kuendesha magari ya ubalozi, kisha akatuita sisi. Nilitaka kuwa daktari, kama unavyotaka wewe, na hilo halikuwa uongo wala sifa. Lakini hapa, kama unavyojua, mtu hatoki sekondari akaingia udaktari kama kule nyumbani. Kwanza anasoma chuo miaka minne, ndipo aombe shule ya udaktari. Na katika hiyo miaka minne, wengi walioanza wakisema "udaktari" huishia kusema neno jingine.

Vyuo viwili vilinikubali. Kimoja kilikuwa mjini Washington, majengo ya mawe, lango la chuma, na jina kubwa kiasi kwamba hata jamaa zetu Tanga walilijua. Cha pili kilikuwa cha jimbo, upande wa kuelekea mji wa Columbia, majengo ya matofali, viwanja vya kuegesha magari vingi kuliko bustani. Huko Tanga hakuna aliyewahi kukisikia. Vyote viwili vilikuwa vimetualika Jumamosi ile ile. Baba akapanga twende mjini asubuhi, na alasiri tupite kile cha pili.

Sasa nikujulishe Mzee Kabeya. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mkongo wa Bukavu, mrefu, mpole, amevaa kofia ya sufu hata joto likipanda. Kwao alikuwa daktari wa watu kwa miaka mingi. Hapa alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuwaogesha na kuwalisha. Baba alimwita Daktari siku zote, na mimi nilidhani ni adabu tu.

Asubuhi ile tulipokuwa tunawasha gari, alikuja dirishani kwangu akanipa karatasi iliyokunjwa.

"Binti, humu muko maulizo ine," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Waulize kule kote mubili. Usirudi bila majibu."

Niliyasoma njiani hayo maswali yake manne. Nani atanifahamu vya kutosha hata aniandikie barua ya kuombea udaktari? Wagonjwa nitawaona wapi? Katika wanaoanza wakitaka udaktari, wangapi hufika kuomba? Na anayeanguka somo moja, chuo humwinuaje?

Tulipofika mjini, mwanangu, macho yalinila akili. Tulitembezwa, tukaonyeshwa maktaba yenye dari iliyochorwa, tukaonyeshwa picha za watu wakubwa waliosoma pale. Kisha tukaketi ukumbini, mama mmoja mwenyeji akauliza kama kuna maswali. Wazazi wakauliza kwa Kiingereza kinachotiririka. Mkono wangu ulipanda nusu. Nikaiwaza lafudhi yangu, nikawaza vichwa vyote vile vikigeuka, na ule mkono nikaupeleka kichwani nikajitengeneza mtandio. Kuuliza si ujinga, tunasema sisi, na tunalisema kirahisi tukiwa tumeshaketi na watu wetu.

Baba alininunulia fulana nzito yenye jina la chuo kifuani. Tulipofika kwenye gari akatazama saa. "Haya, twende na kile kingine?"

"Hakuna haja, baba."

"Hakuna haja kabisa? Wametualika."

"Nimeshachagua."

Akafurahi, maskini. Tukarudi nyumbani moja kwa moja. Chuo cha pili sikukiona hata paa lake.

Alasiri Mzee Kabeya akaja kunywa kahawa na baba. Akanikuta sebuleni, fulana mwilini.

"Walikujibu nini?"

"Yote walijibu vizuri, mzee."

"Nani njo ataandika barua yako?"

"Maprofesa."

"Profesa gani?"

Nikaanza kuvuta mikono ya fulana. Akaweka kikombe chini. "Zuhura, unatafuta kuwa munganga, ao unatafuta kuitwa munganga?"

Munganga kwao ndiye daktari. Neno lile lilinichoma kwa sababu lilifika palepale nilipokuwa nimepaficha. Na mtu aliyechomwa, kama hana malezi ya ulimi, huchoma. Nikasema, "Wewe uliitwa, mzee. Na sasa unawabadilisha wazee nepi."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Mzee Kabeya hakupandisha sauti. "Ni kweli," akasema. "Na ni juu ya ile nakuuliza," yaani ndiyo sababu aliniuliza. Akainuka, akamshukuru baba kwa kahawa, akatoka.

Baba hakunigombeza. Alisema, "Umemvua mtu nguo mbele yangu," akaingia chumbani kwake. Sikwenda kuomba radhi. Siku ya kwanza niliona haya, wiki ya kwanza nikaona nimechelewa, na baada ya hapo nikawa nikimwona kwenye maegesho nasubiri ndani ya gari mpaka apite.

Chuoni sikupata utulivu hata siku moja. Somo la kemia tulikuwa mamia katika ukumbi mmoja, mwalimu mdogo kama kidole kule chini. Mtihani wa kwanza nikaanguka. Nikahamia viti vya mbele, nikahamia vya nyuma. Nikabadili fani, nikabadili tena. Nilikuwa natoka maktaba hii naingia ile, kitabu kikiwa wazi na mimi simo ndani yake. Siku nyingine nilipanda treni ya chini ya ardhi mpaka kituo cha mwisho, nikavuka jukwaa, nikarudi nilikotoka, ili tu kitu fulani kiwe kinakwenda. Nyumbani nilisema mambo ni mazuri. Baba akiwaambia watu msikitini, baada ya sala ya Ijumaa, kwamba binti yake anasomea udaktari, mimi nilikuwa natazama viatu.

Mwaka wa tatu nikaenda ofisi inayoshughulikia wanaotaka kuomba udaktari. Mshauri alikuwa mtu mwungwana. Alifungua faili langu, na nikaona kwamba ndiyo kwanza analifungua. Akaniambia kamati yao huwaandikia barua wale inaoamini watafaulu, na kwa alama zangu haitaniandikia. Akauliza kama kuna profesa anayenifahamu vizuri. Nikafikiri. Miaka mitatu, mwanangu, na hapakuwa na mmoja ambaye angenitambua dukani.

Nikatoka pale nikitembea bila kujua ninakokwenda. Miguu ikanipeleka kituo cha treni, treni ikanileta huku, basi likanishusha mbele ya ile nyumba ya wazee alikokuwa akifanya kazi Mzee Kabeya. Nilikuwa napajua kwa nje tu.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya bibi mmoja Mzungu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, anamvalisha soksi. Hakuivuta soksi haraka. Alifungua kidole kimoja kimoja akachungulia katikati. Akaniona, wala hakuonyesha mshangao.

"Nawa mikono," akaniambia. "Halafu kuja uone."

Nikanawa. Katikati ya vidole viwili palikuwa na kidonda kidogo, chekundu pembeni. Bibi mwenyewe hakuwa na habari. Kisukari kilikuwa kimeshaitia ganzi ile miguu. Mzee Kabeya akamwita muuguzi, akamwonyesha, akamwambia jana hakikuwepo. Muuguzi akaandika na kwenda kupiga simu kwa daktari. Bibi yule akamshika Mzee Kabeya mkono, akauliza kama leo kuna supu.

Tulipopata nafasi ya kukaa, nikalia kwanza, ndipo nikasema. "Mzee, nisamehe. Nilikutukana."

"Ile maneno ilikuwa ya kweli," akasema. "Ila uliirusha sawa jiwe."

Kisha akanieleza ambalo hakuwahi kutueleza. Kwao alisoma katika chuo chenye jina. Mtu akilitaja, watu walimpisha njia. Alipokimbia vita akaja huku, alidhani jina lile litatangulia kumfungulia mlango. Hakuuliza mitihani gani itahitajika, karatasi gani zitahitajika, wala nani wa kumwongoza. Hapa wakasoma cheti chake wakasema chuo hiki hatukijui. Alipokuja kuelewa njia, watoto walikuwa wanahitaji kula na umri umekwenda.

"Mugonjwa haponi juu ya jina ya shule," akasema. "Niliona weye unashika njia yangu. Njo maana nilikuwekea ile maulizo."

Nilimwambia yote: alama, kamati, uongo wa nyumbani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja: "Baba yako anajua?" Nilipotikisa kichwa, akainuka. Zamu yake ilikuwa imekwisha. Tukaja naye mpaka mlangoni kwetu, akanisubiri nibonyeze kengele mimi mwenyewe.

Nilimwambia babu yako nikiwa nimesimama. Nilitegemea kishindo. Aliitazama sakafu, akamtazama Mzee Kabeya, akanitazama mimi. Mwisho akauliza, "Kile chuo kingine, njia yake ni ipi?"

Mwaka uliofuata nilihamia kile cha matofali. Usidhani nilipokelewa na ngoma. Masomo kadhaa hayakuhesabiwa, nikayarudia. Wenzangu walihitimu wakaniacha darasani na watoto wa mwaka wa kwanza. Lakini tulikuwa kama thelathini, na siku ya tatu mwalimu wa kemia, mama mmoja mkali wa miwani, akasimama kwenye meza yangu akaniuliza jina langu linatamkwaje. Akalirudia mpaka likakaa. Mtihani wa kwanza pale pia sikufaulu. Safari hii, kesho yake asubuhi, nilikuwa mlangoni kwa ofisi yake na daftari langu.

Siku ambazo sikuwa na masomo nilikwenda kujitolea kule kwa wazee, chini ya jicho la Mzee Kabeya. Nilijifunza kukata kucha, kulisha bila kuharakisha, kumsikiliza mtu ambaye hadithi yake umeisikia mara kumi. Nilipoomba shule za udaktari mara ya kwanza, zote zilinikataa. Nikaomba tena mwaka uliofuata. Moja ikaniita kwenye usaili, na daktari aliyenihoji alikuwa na barua ya yule mama wa kemia mkononi. Akasema, "Hapa pameandikwa kwamba ulifeli, na saa mbili asubuhi ulikuwa mlangoni." Tukazungumza juu ya hilo tu, karibu saa nzima. Wakanichukua.

Mzee Kabeya alikuwa ameshahamia kwa binti yake, mbali na hapa. Nilipompigia simu alicheka, akasema, "Sasa njo kazi inaanza." Na kweli.

Sitaki uende kusema shangazi amekiponda chuo kikubwa. Msichana niliyekaa naye chumba kimoja mwaka wa kwanza alisoma palepale, leo ni daktari wa upasuaji kunishinda mbali. Yeye mwezi wa kwanza tu alikuwa anajua ofisi ya kila mwalimu ilipo. Labda pale palimfaa. Labda mimi ningevunjika popote, maana nilikwenda kichwa kikiwa kimeinamia kifua kusoma jina. Mpaka leo sijui. Kuna siku nikiwa na mgonjwa mbele yangu huwaza ile miaka mitatu, na moyo hunitembea kama unavyotembea wewe sasa hivi.

Basi sikiliza, mwanangu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usichague mkakasi bila kuufungua. Nenda vyote viwili, na usiende siku ya sherehe. Nenda Jumanne ya kawaida, kaa nyuma ya darasa la kemia, uone kama mwalimu anamwita mwanafunzi kwa jina. Uliza nani atakayekuandikia, na atakujuaje. Uliza hospitali au nyumba ya wagonjwa iko mbali gani na kitanda chako. Uliza waliofeli wako wapi leo, kwa sababu chuo chochote kitakuonyesha waliofaulu. Jiulize pia, na hili mimi sikufundishwa na mtu, kama ungependa kubaki pale hata siku udaktari ukikutoka moyoni. Maana inawezekana, na si dhambi. Uliza kwa lafudhi yako hiyo hiyo, na wakigeuza vichwa waache wageuze. Ukishapata majibu, chagua, kisha usichague tena. Na mtu mzima akikuuliza swali linalokuchoma, meza mate kwanza. Ukishindwa ukamtupia neno, usilaze radhi siku mbili. Mimi nililaza karibu miaka mitatu.

Mungu akutulize miguu, mwanangu, akupe mahali ambapo jina lako litajulikana kabla ya alama zako. Akuwekee mwalimu mkali mwenye huruma, na mzee asiyekuogopa. Siku utakapomshika mgonjwa wa kwanza, mikono yako iwe safi na moyo wako uwe pale pale ulipo mwili wako. Amina. Haya, chukua funguo za gari. Kesho ni Jumanne.