Mwani Ukweni Heru Juu

Mshenga wangu alinionya njia nzima kutoka Kasulu, tumebanana kwenye bodaboda: "Wakikuuliza kazi, sema mwalimu. Mambo yako ya mwani yaache hukohuko chuoni." Nami, kwa kiherehere changu, baba wa binti aliponiuliza tu nasomea nini, nikasema mwani wa baharini.

"Bahari ya wapi?" akauliza. Heru Juu wanalima mihogo na maharage. Mshenga akanifinya paja.

"Huo mwani wako ni mmea au mnyama?"

Jamani, nikajichimbia shimo. Nikasema wataalamu wenyewe wamebishana. Ni kitu kidogo, hukioni bila hadubini. Kinatambaa kama amiba, kinanyoosha nyuzi kunasa chakula, na siku hizi kimewekwa ukoo mmoja na viamiba, mbali na mimea. Lakini ni cha kijani, kinajipikia kwa jua. Zamani sana kilimeza mwani mwingine, na badala ya kuuyeyusha kikauweka ndani ukipikie.

Mzee akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo kilichukua wa watu, kikamfungia ndani awe anakipikia."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mshenga akatazama mlango.

"Na huyo aliyemezwa, kiini chake kilibaki?"

Hapo nikajua posa yangu inaning'inia. Nilimpenda yule binti mpaka nikawa mjinga. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, lakini yeye alikuwa akinichungulia kutoka jikoni, na madaftari yangu alikuwa ameyasoma yote.

"Kilibaki, baba," nikasema. "Ila kilipungua. Siku hizi ni kidogo mno."

Mzee akakinyanyua tena kikombe chake, akanywa.

"Ungeweza kunidanganya," akasema mzee. "Haya, mchukue. Ila wangu akipungua, nitakuja mwenyewe kumtoa."

Tuna watoto wawili sasa. Mwezi uliopita mke wangu akaondoka kwenda Kibondo kusomea uuguzi. Fomu alijaza bila hata kunigusia. Aliniambia siku ya kufunga begi, akaniachia watoto na sufuria ya uji. Nilinuna, wee! Nikampigia mkwe wangu simu kumshtaki binti yake.

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Kiini kipo," akasema, akakata simu.

Nikabaki nimeishika, uji unaungua.